Uzi au Maji ya Kusukutulia: Fizi Zinataka Nini?

Ugonjwa wa fizi huanzia kwenye mfereji mwembamba unaozunguka shingo ya kila jino, pale ufizi unapoliegemea jino bila kushikamana nalo. Kinywa kikiwa kizima, mfereji huo huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Ndani yake, na hasa kwenye mianya iliyo kati ya jino na jino, hujijenga ukoga: utando laini, mweupe unaoelekea manjano, ambao ukikwanguliwa kwa ukucha hutoka kama uji ulioganda. Utando huo ni makazi ya bakteria. Wamejitengenezea ute wa kunata unaowashikamanisha wao kwa wao na kuwagandisha kwenye jino, kiasi kwamba maji yakipita juu yao hayawahamishi. Sumu wanazotoa huuchokoza ufizi, mwili hupeleka damu na chembe za kinga mahali hapo, na ufizi unakuwa mwekundu, unavimba, unatoa damu ukiguswa na mswaki.

Chanzo hicho kilithibitishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Harald Löe, mtafiti mzaliwa wa Norway, na wenzake wawili waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kabisa kusafisha vinywa vyao. Watatu walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10. Tisa waliobaki waliupata kati ya siku ya 15 na ya 21, hakuna aliyesalimika. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zilirudi katika hali yake baada ya wiki moja hivi. Leo jaribio dogo namna hiyo lingetiliwa shaka kwa uchache wa watu wake, lakini somo lake limedumu, na mjadala wote kuhusu uzi wa meno na maji ya kusukutulia umesimama juu yake. Kifaa au dawa yoyote inayodaiwa kulinda fizi inapaswa kupimwa kwa swali moja: je, inauondoa ukoga, au inauzuia usijijenge, pale hasa ambapo fizi huanza kuugua?

Mswaki peke yake haulijibu swali hilo kikamilifu. Nywele zake hufika mbele ya jino, nyuma yake na juu yake, lakini upande ambao jino linatazamana na jirani yake hazigusi, au huugusa juujuu tu. Pembetatu ndogo ya ufizi inayojaza mwanya huo ndiyo hutangulia kuvimba. Ndiyo maana mtu anayepiga mswaki kwa bidii asubuhi na usiku anaweza kuwa na meno yanayometa na bado akatema mate yenye damu. Utafiti wa taifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa karibu watu wazima wote waliopimwa, asilimia 98.

Hata hivyo, si kila fizi inayotoa damu huishia kwenye jino kulegea. Uvimbe ukikaa muda mrefu, kwa baadhi ya watu huteremka, ukala nyuzinyuzi zinazolishikilia jino na mfupa wa taya ulio chini yake. Mfereji wa milimita 2 hugeuka mfuko wa milimita 5, 6 au zaidi. Löe huyohuyo aliwafuatilia wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, watu ambao hawakuwa na mazoea yoyote ya kusafisha meno wala huduma ya daktari wa meno. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kwamba asilimia 8 walipoteza mishikizo ya meno kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Miaka miwili baadaye Vibeke Baelum na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Huko nako ukoga na damu vilienea karibu kila kinywa, ilhali uharibifu mkubwa ulijikusanya kwa wachache. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja wana ugonjwa wa fizi uliokomaa. Kisukari kisichodhibitiwa, sigara na urithi wa damu vina sehemu kubwa katika kuamua nani ataingia katika kundi hilo.

Tofauti kati ya hatua hizo mbili, uvimbe wa fizi na ugonjwa uliokomaa, huwa haitajwi kwenye matangazo. Bidhaa nyingi za kinywa hujaribiwa kwa watu wenye uvimbe mdogo au wa kadiri, kisha huuzwa kwa kila mtu, akiwemo yule ambaye mfupa wake umeshaanza kuliwa.

Kusukutua chenyewe ni desturi ya zamani katika Afrika Mashariki. Maji ya chumvi hutumika jino likiuma, maji matupu baada ya chakula, na kwa Mwislamu kusukutua ni sehemu ya udhu mara kadhaa kwa siku. Maji matupu huondoa makombo na kulainisha kinywa. Ukoga hubaki ulipo. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza ufizi uliochubuka au kidonda cha jino lililong'olewa, ila hayana nguvu ya kutosha dhidi ya utando uliokwisha kushika. Dawa za kusukutulia zinazouzwa kwenye chupa ni jambo jingine, na hata hizo hazifanani.

Ya kale zaidi kati ya zinazojulikana duniani ni Listerine. Joseph Lawrence aliitengeneza mwaka 1879 huko St. Louis, Marekani, kama dawa ya kuulia vijidudu katika upasuaji, akaipa jina la Joseph Lister, daktari wa Uingereza aliyeanzisha upasuaji unaotumia dawa za kuua vijidudu. Nguvu yake hutokana na viini vinne vyenye asili ya mafuta ya mimea: thaimoli, mentholi, yukaliptoli ya mkaratusi na methili salisilati. Viini hivyo huyeyushwa katika alkoholi, ambayo katika toleo la awali hukaribia asilimia 27. Umaarufu wake uliletwa na matangazo. Katika miaka ya 1920 kampuni iliyoimiliki iliwatia watu hofu ya harufu ya kinywa, na mauzo yakapaa. Baadaye iliinadi kama kinga ya mafua na koo kuuma, hadi mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani ilipoiamuru itangaze waziwazi kwamba haizuii mafua. Mahakama ya rufaa iliuunga mkono uamuzi huo miaka miwili baadaye.

Kundi la pili ni dawa zenye klorheksidini, kwa kawaida asilimia 0.12 au 0.2. Hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ushahidi wake ni imara. Mwaka 1970 Löe na mwenzake Schiött waliwataka wanafunzi wasukutue mara mbili kwa siku kwa mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2, bila mswaki, na ukoga haukujijenga. Siri yake ni kwamba hunata kwenye meno na ngozi ya kinywa, kisha hujiachia kidogokidogo kwa saa nyingi. Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti 51 zenye washiriki 5,345, yalithibitisha kwamba mtu mwenye uvimbe mdogo wa fizi akiiongeza kwenye mswaki wake, ukoga na uvimbe hupungua. Gharama yake nayo yaonekana: baada ya wiki chache meno na ulimi hupata madoa ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai ya rangi au kahawa, na chakula hupoteza ladha. Ukoga mgumu nao huweza kuongezeka. Kwa hiyo madaktari huiandika kwa wiki mbili hadi nne tu, kwa sababu maalumu. Povu la dawa za meno za kawaida huipunguza nguvu, na anayeitumia hushauriwa asubiri walau nusu saa baada ya kupiga mswaki. Ni jambo dogo ambalo karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi hulisema na karibu hakuna anayelisoma.

Kundi la tatu, lenye setilipiridini, lina nguvu ya wastani na hupatikana kwa wingi katika chupa zisizo na alkoholi. Zipo pia zenye floraidi, ambazo kazi yake ni kulinda jino lisioze. Kwa ufizi hazina mchango mkubwa. Na zipo ambazo zimejaa rangi ya buluu na harufu ya mnanaa, basi. Hizo ni manukato ya kinywa. Mnunuzi anayetaka kitu cha kuzisaidia fizi zake hana budi kugeuza chupa na kusoma viambato vilivyoandikwa nyuma, maana maneno makubwa ya mbele hayatofautishi.

Udhaifu wa dawa zote za maji uko katika mahali zinapofika. Mtu akisukutua kwa sekunde 30, maji huzunguka kinywa kizima, huosha ulimi, mashavu na sehemu za wazi za meno, lakini chini ya ufizi hayapenyi ila kidogo sana. Kuna umajimaji unaotoka ndani ya mfereji wa fizi kuelekea nje muda wote, na ufizi ukivimba umajimaji huo huongezeka, ukizidi kuyafukuza yanayoingia. Isitoshe, bakteria waliojificha ndani ya utando mzito huvumilia dawa mara nyingi zaidi kuliko wale wanaoelea kwenye mate. Dawa huua waliopo juu, na waliopo chini huendelea na shughuli zao. Kwenye jino lililokwisha kusafishwa, dawa nzuri huchelewesha ukoga usirudi. Kwenye jino lenye ukoga wa wiki nzima haina la kufanya.

Uzi wa meno hufanya kazi kinyume chake. Hauna dawa yenye nguvu hata kama umepakwa nta na ladha. Kazi yake ni kukwangua. Levi Spear Parmly, daktari wa meno wa New Orleans, alikuwa akiwahimiza watu kupitisha uzi wa hariri uliopakwa nta katikati ya meno yao mwanzoni mwa karne ya 19, na kitabu chake cha mwaka 1819 kiliueleza uzi huo. Kampuni ya Codman & Shurtleff ilianza kuutengeneza kwa ajili ya soko mwaka 1882. Hariri ilipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nailoni ilishika nafasi yake, na nailoni ikaonekana bora kwa kuwa haikatiki ovyo.

Namna ya kuutumia ndiyo inayoamua kila kitu, na inastahili kuelezwa taratibu. Hukatwa kipande cha sentimita 45 hivi, sawa na umbali wa kutoka ncha ya vidole hadi kwenye kiwiko. Sehemu kubwa huzungushwa kwenye kidole cha kati cha mkono mmoja, iliyobaki kwenye kidole cha kati cha mkono wa pili, na kati ya vidole gumba na vya shahada huachwa uzi uliokazwa wa sentimita 2 au 3. Uzi hupitishwa kwenye mwanya kwa kuusogeza mbele na nyuma polepole, bila kuusukuma kwa nguvu, kwani ukifyatuka huukata ufizi. Hapo wengi huona kazi imekwisha, wakauvuta na kuhamia mwanya unaofuata. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Uzi hupindwa ulikumbatie jino la upande mmoja, huteremshwa taratibu hadi chini kidogo ya ukingo wa ufizi, kisha hupandishwa na kushushwa mara kadhaa ukiukwangua ukuta wa jino. Halafu hupindwa upande wa pili, ulikumbatie jino jirani, na kazi hurudiwa. Kinywa chenye meno 28 yaliyopangana bila pengo kina mianya 26, maana yake kuta 52, mbali na migongo ya magego ya mwisho. Kila mwanya hupewa sehemu safi ya uzi. Mwenye mazoea humaliza kwa dakika mbili au tatu. Anayeanza huchukua dakika kumi, vidole vinamuuma na mate yanamtiririka hadi kwenye kifundo cha mkono.

Siku za mwanzo damu hutoka, na hapo ndipo watu wengi huacha, wakiamini kwamba uzi ndio uliowajeruhi. Ukweli ni kwamba ufizi mzima hautoi damu kwa kuguswa na uzi unaopitishwa kwa upole. Damu ni dalili ya uvimbe uliokuwepo tayari. Ukiendelezwa kila siku, damu hupungua na kukoma ndani ya wiki moja au mbili. Wavuta sigara ni wa kuangaliwa kwa namna nyingine: sigara hubana mishipa midogo ya damu, ufizi wao hutoa damu kidogo hata ukiwa mgonjwa sana, na wao hudhani wako salama.

Katikati ya mwaka 2004 kampuni ya Pfizer, iliyokuwa ikimiliki Listerine wakati huo, ilianza kampeni kubwa Marekani ikidai kwamba dawa yake ina ufanisi sawa na uzi katika kupambana na ukoga na uvimbe wa fizi. Iliegemea tafiti mbili za miezi sita. Kampuni ya McNeil-PPC, tawi la Johnson & Johnson lililouza uzi wa meno, ikaenda mahakamani New York. Januari 2005 Jaji Denny Chin aliamua kwamba matangazo hayo ni ya uongo na yanapotosha, akayasimamisha.

Hoja zake zingefaa kusomwa na kila mnunuzi. Tafiti hizo ziliwahusu watu wenye uvimbe mdogo au wa kadiri, bila wenye ugonjwa uliokomaa. Matangazo hayakusema hivyo. Washiriki wa kundi la uzi walionyeshwa mwanzoni namna ya kuutumia, wakaachiwa wajitumie nyumbani bila msimamizi, na matokeo yao yalikuwa duni kiasi cha kuonyesha kwamba hawakuutumia ipasavyo. Kilichopimwa, basi, ni dawa iliyotumiwa sawasawa dhidi ya uzi uliotumiwa vibaya. Wala waandishi wa tafiti hizo hawakuwa wamependekeza uzi uachwe. Waliwataka madaktari waendelee kuushauri. Kisa hiki kilikuwa na mwisho wa kejeli. Mwaka 2006 Johnson & Johnson ilinunua kitengo kizima cha bidhaa za walaji cha Pfizer kwa dola bilioni 16.6, Listerine ikiwamo. Mlalamikaji akawa mwenye mali zote mbili.

Hukumu hiyo haikuuthibitisha uzi, ingawa wengi waliielewa hivyo. Agosti 2016 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba ushauri wa kutumia uzi, uliokuwa katika miongozo ya serikali ya Marekani tangu 1979, ulikuwa umeondolewa kimyakimya kwenye miongozo ya lishe, na kwamba serikali ilikiri kuwa ufanisi wake haukuwahi kuchunguzwa kwa kiwango kinachotakiwa. Waandishi hao walikuwa wamepitia tafiti 25 na kukuta ushahidi dhaifu. Magazeti ya nchi nyingi yalishangilia, kwa kuwa yalimpa msomaji ruhusa ya kuacha jambo ambalo hakuwa akilifanya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yenye tafiti 35 na washiriki 3,929, yalikuwa na tahadhari zaidi: kuongeza uzi kwenye mswaki huenda kukapunguza uvimbe wa fizi, lakini uhakika wa ushahidi ni mdogo.

Udhaifu wa ushahidi una maelezo. Tafiti nyingi za uzi ni fupi na zina watu wachache, na ugonjwa wa fizi huchukua miaka kufika kwenye mfupa. Kampuni hazina sababu ya kugharimia jaribio la miaka kumi kwa ajili ya bidhaa ya bei ndogo. Lakini sababu kubwa zaidi iko kwenye vidole. Mapitio ya Philippe Hujoel na wenzake ya mwaka 2006, yaliyohusu kuoza kwa meno, yanaliweka jambo hili wazi. Watoto waliopitishiwa uzi na wataalamu kila siku ya shule kwa karibu miezi 20 walipunguza hatari ya kuoza meno kwa asilimia 40. Vijana walioachiwa kujipitishia wenyewe hawakupata faida iliyoonekana. Uzi ni uleule. Kusema kwamba uzi haufai kwa sababu watu hawajui kuutumia ni sahihi kwa mtunga sera anayehesabu faida ya taifa zima. Kwa mtu mmoja aliye tayari kujifunza, si jibu.

Swali la uzi au dawa, kwa hiyo, limezaliwa zaidi na soko kuliko na kinywa. Vitu hivyo havifanyi kazi moja. Uzi huondoa, dawa huzuia. Uzi hufika kwenye mwanya, dawa hufika kila mahali pasipo na kizuizi. Jambo la lazima ni kusafisha katikati ya meno kwa kifaa kinachogusa, na hapo uzi wenyewe una mshindani aliye bora kuliko dawa yoyote: vibrashi vidogo vya katikati ya meno, vyenye waya uliozungukwa na nywele fupi. Mapitio yaleyale ya 2019 yaliviona kuwa huenda vinashinda uzi, na mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi wa mwaka 2020 unavitanguliza kwa waliokwisha kuugua. Nywele zake huingia kwenye vishimo vya mizizi ambavyo uzi huvivuka bila kuvigusa. Havihitaji ustadi mkubwa: huchaguliwa ukubwa unaoingia kwa kubana kidogo bila kulazimishwa, husukumwa ndani na kutolewa mara chache, basi. Kinywa kimoja huweza kuhitaji saizi mbili au tatu. Kasoro yake ni kwamba mianya ya kijana mwenye meno yaliyobanana haivipitishi, na hapo uzi hauna mbadala.

Kijiti cha kuchokolea meno, kinachopatikana bure kwenye kila meza ya nyama choma, hutoa nyuzinyuzi za nyama na kuacha ukoga ulipo. Kikitumiwa kwa nguvu na kila siku huuchoma ufizi na kuusukuma chini, mwanya ukapanuka na nyama ikazidi kunasa. Uzi wa kushonea ni afadhali kuliko kijiti, ila hukatika na kuacha vipande vinavyochokoza ufizi. Mti wa mswaki, unaoota katika nyanda kavu za Afrika Mashariki na kutumiwa tangu zamani pwani, Somalia na Uarabuni, ukitafunwa ncha yake vizuri husafisha nyuso za wazi kwa kiwango cha kushindana na brashi ya plastiki. Katikati ya magego nao hauingii.

Bei nayo ina neno lake. Katika maduka mengi ya dawa ya miji ya Afrika Mashariki chupa za kusukutulia hupangwa usawa wa macho, ilhali uzi lazima uuliziwe. Chupa ikitumiwa mililita 20 mara mbili kwa siku, nusu lita huisha ndani ya siku 13 na kuhitaji nyingine. Kikasha cha uzi cha mita 50 kikikatwa sentimita 45 kila usiku hutosha siku 110. Kwa familia yenye bajeti finyu, kuweka chupa kwenye orodha ya matumizi ya kila mwezi huku hakuna hata kikasha kimoja cha uzi bafuni ni kupoteza fedha, na wauzaji hawana haja ya kulisema hilo.

Hata hivyo, wako ambao dawa ya kusukutulia ni msaada wa kweli. Aliyefanyiwa upasuaji wa fizi au kung'olewa jino hawezi kugusa mahali hapo kwa siku kadhaa, na klorheksidini humshikia zamu. Aliyefungwa taya baada ya ajali, mzee ambaye vidole vimekakamaa, mtu mwenye ulemavu anayesafishwa kinywa na mwingine, kijana mwenye nyaya za kunyooshea meno: hao wote wana sababu. Kwa mwenye nyaya vibrashi hupita chini ya waya kwa urahisi, na dawa hukamilisha. Mjamzito, ambaye homoni huzifanya fizi zake zivimbe kwa ukoga mdogo tu, huhitaji zaidi uzi, mswaki laini na kuonana na daktari wa meno mapema. Matibabu ya kawaida ya kusafisha meno ni salama kwake. Mgonjwa wa kisukari anahitaji umakini huohuo, kwa kuwa sukari ya juu huongeza ugonjwa wa fizi na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Watoto walio chini ya miaka sita hawapewi dawa ya kusukutulia, kwani huimeza.

Kwa asiyetumia kileo chupa zisizo na alkoholi zipo na hazipungukiwi nguvu inayostahili kujaliwa; zinamfaa pia mwenye kinywa kikavu au vidonda, ambaye alkoholi humchoma. Kuna tafiti ndogo zinazoashiria kwamba kutumia klorheksidini kila siku huua bakteria wa ulimi wanaosaidia mwili kurekebisha shinikizo la damu. Hilo ni sababu nyingine ya kutoigeuza kuwa mazoea ya maisha.

Mpangilio wa usiku, kwa aliye na vyote, ni kusafisha katikati ya meno kwanza, kisha mswaki na dawa ya meno yenye floraidi kwa dakika mbili, kisha kutema bila kusuuza kwa maji mengi ili floraidi ibaki kwenye meno. Dawa ya kusukutulia, kama ipo, hutumiwa wakati mwingine wa siku, mathalani baada ya chakula cha mchana.

Vyote hivi vina mpaka mmoja. Ukoga usioondolewa huanza kugandamana na madini ya mate ndani ya siku chache hadi wiki mbili, ukawa mgumu kama jiwe, wa manjano au kahawia juu ya ufizi na mweusi chini yake. Ukoga huo mgumu uzi hauutoi, kibrashi hakiutoi, na dawa huupita juu. Hukwanguliwa na daktari au tabibu wa meno kwa vyuma vyembamba au mashine ya mtetemo, kwa ganzi pale ambapo mifuko ni mirefu. Fizi zikiendelea kutoa damu baada ya wiki mbili za kusafisha katikati ya meno kila siku, au jino likicheza, au usaha ukitoka ukiubonyeza ufizi, kwa daktari huyo ndiko kwa kwenda. Baada ya kukwanguliwa mgonjwa hurudi kupimwa kina cha mifuko, kwa kawaida kati ya wiki sita na miezi mitatu. Mifuko inayobaki na milimita 6 au zaidi hukwanguliwa tena au hufunguliwa kwa upasuaji.